Siku 913 bila goli: Tunawafundisha nini watoto wetu?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo naomba nizungumze habari za mpira. Najua wapo wazee wetu watakaosema mpira ni upuuzi na kuna mambo mazito zaidi ya kuandika. Nawaomba wasubiri kidogo. Ninalotaka kusema linahusu zaidi ndimi zetu tukiwa ndani ya nyumba, watoto wakiwa wamekaa pembeni wanasikiliza.

Ijumaa moja baada ya swala ya Isha tulikuwa nyumbani kwa dada yangu hapa Buyenzi. Chai ilikuwa imeshaletwa na televisheni inaonyesha mpira wa Ulaya. Mazungumzo yakafika kwa Saido Berahino, kama yanavyofika kila mara watu wa Bujumbura wakikutana na mpira. Mmoja wetu akasema, "Huyo si ndiye wa siku 913?" Watu wakacheka. Nilicheka na mimi, sitaki kujitoa. Mpwa wangu wa miaka 14 alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Hakucheka, ila sikulitilia maanani.

Siku chache baadaye nilikutana sokoni na kijana anayefundisha timu ya watoto wa mtaa wetu. Akaniuliza kama mpwa wangu ni mgonjwa, maana hajaonekana mazoezini wiki mbili. Nilishangaa, kwa sababu nyumbani alikuwa akitoka kila jioni na viatu vyake, akirudi anasema wameshinda, na siku moja alisema amefunga. Kumbe timu ilikuwa imeshatolewa kwenye mashindano. Ilitolewa kwa penalti, na aliyekosa ni yeye.

Mtoto alidanganya, na kudanganya ni kosa, mama yake amemwambia hivyo vizuri sana. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza ni nani aliyemwogopesha kusema kweli. Jibu lilinijia bila kulitafuta. Alikuwa ametusikia.

Kwa ajili ya wadogo wasiomjua vizuri Berahino, nieleze. Alizaliwa hapa Bujumbura tarehe 4 Agosti 1993. Oktoba mwaka huo huo rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Kwa hiyo huyu ni mtoto ambaye hakupata hata miezi mitatu kamili ya amani. Mwaka 1997 baba yake aliuawa. Sisi tuliokuwa hapa miaka ile hatuhitaji kuelezwa maana yake, na wengi wenu mnaosoma mna jina la mtu wenu mnaloliombea dua kila mwezi wa Ramadhani. Akatengana na mama yake, na alipofika miaka 10 akapelekwa Uingereza kuungana naye katika mji wa Birmingham. Hakujua Kiingereza. Mpira ndio aliokuwa nao.

Haukupita muda mrefu klabu ya West Bromwich Albion ikamchukua katika chuo chake cha vijana. Alipokua wakamtoa kwa mkopo, kwanza Northampton Town, kisha Brentford, kisha Peterborough. Hapa nisimame kidogo, maana wazazi wengi hawalijui neno hili. Mkopo maana yake klabu inakumiliki kwa mkataba lakini inakutuma ukachezee klabu nyingine kwa miezi kadhaa. Unahama mji, unalala mahali usipopajua, unaingia katika chumba cha kubadilishia nguo ambamo kila mtu anajua utaondoka. Kijana wa miaka 18 au 19 anaishi hivyo. Tunaona goli la sekunde tano kwenye televisheni, ila begi lililokaa mlangoni hatulioni.

Tarehe 28 Septemba 2013 katika uwanja wa Old Trafford alifunga goli la ushindi, Manchester United 1, West Brom 2. Klabu ile ilikuwa haijashinda pale tangu mwaka 1978. Hapa mjini watu walipiga kelele kama vile yeye ni mtoto wa kila nyumba. Msimu wa 2014/15 akafunga magoli 20 katika mashindano yote, 14 kati ya hayo katika Ligi Kuu. Novemba 2014, akiwa na miaka 21, akaitwa timu ya taifa ya wakubwa ya Uingereza, ila hakuingizwa uwanjani.

Ndugu msomaji, hebu tufanye hesabu ndogo. Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 38. Magoli 14, hata kama yote yangefungwa katika mechi tofauti, yanaacha mechi 24 ambazo hakufunga goli la ligi. Na huo ulikuwa msimu wake bora kuliko yote! Kazi ya mshambuliaji ni kukosa mara nyingi mbele ya watu, kisha kurudi tena kukimbilia mpira uleule. Fundi cherehani akikosea mshono anafumua taratibu nyumbani kwake. Huyu anakosea mbele ya watu elfu ishirini na tano, na wengine mamilioni wako kwenye viti kama sisi, wanakunywa chai.

Majira ya joto ya 2015 Tottenham walileta ofa, klabu ikakataa, wakaleta tena, ikakataa tena. Siku dirisha la uhamisho lilipofungwa, kijana aliandika kwenye Twitter kwamba hatacheza tena chini ya mwenyekiti yule. Alikuwa na miaka 22. Baadaye alirudi akacheza na hata akafunga, lakini mambo hayakuwa tena kama mwanzo. Mimi naona alikosea kuandika vile. Naona pia kwamba kijana wa miaka 22 mwenye simu mkononi na hasira kifuani anahitaji mtu mzima wa kumwambia, "Mwanangu, weka simu chini, nenda katawadhe, tutazungumza kesho." Jiulize, mtoto wako ana mtu huyo? Au watu wote wanaomzunguka wanakula kupitia kwake, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumwambia hapana?

Tarehe 27 Februari 2016 alifunga dhidi ya Crystal Palace. Aprili mwaka huo, West Brom wakicheza nyumbani na Watford, alipiga penalti mbili katika mechi moja na kipa akaziokoa zote mbili. Mechi ikaisha 0-1. Januari 2017 Stoke City wakamnunua kwa pauni milioni 12. (Msidhani fedha hiyo iliingia mfukoni mwake. Ni fedha ya klabu kwenda kwa klabu. Nimesikia vijana hapa mtaani wakizihesabu kana kwamba zilikuwa kwenye bahasha yake.) Stoke hakufunga. Mwaka 2018 timu ikashuka daraja, na magazeti yakaanza kuhesabu siku. Goli lilikuja tarehe 28 Agosti 2018, dhidi ya Huddersfield katika Kombe la Ligi. Ukihesabu tangu lile la Crystal Palace unapata siku 913.

Katika kipindi hicho na baada yake yalimpata mengine, na sikusudii kuyafukua. Dini yetu inatufundisha kusitiri aibu ya mwenzetu ili na sisi tusitiriwe. Nimefikiri sana kama niyataje, nikaona nitaje kwa ufupi yale yaliyoamuliwa hadharani, kwa sababu watoto wanayajua tayari kupitia intaneti na mzazi anayejifanya hajui hasaidii kitu. Mwaka 2016 alifungiwa wiki nane na chama cha mpira cha Uingereza baada ya kipimo kuonyesha dawa ya kulevya. Mwenyewe alisema aliwekewa katika kinywaji bila kujua. Mei 2019 mahakama ilimtia hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, akanyang'anywa leseni kwa miezi 30 na kutozwa faini ya pauni 75,000. Agosti mwaka huo Stoke wakavunja mkataba wake.

Hayo ndiyo mambo, na adhabu yake ameitumikia. Habari ya moyo wake ni yake yeye na Mola wake, wala mimi si kadhi wa kumhukumu mara ya pili kwenye mkeka wa dada yangu. Nasema tu kwa vijana: pombe ni haramu Bujumbura na ni haramu Ulaya, na kule inakaa mezani baada ya kila mechi, anayeinywa ni rafiki yako anayekupa pasi, na hakuna jirani wa kukuona. Kijana aliyezoea kuswali kwa sababu baba anamgongea mlango atafanya nini mahali ambapo hakuna wa kumgongea? Hili lizungumzwe kabla ya safari, kwa upole, bila vitisho.

Na kwa kuwa tumeitaja Stoke, niseme neno kuhusu kamari. Klabu ile inamilikiwa na familia yenye kampuni ya kubeti, na uwanja wenyewe ukapewa jina la kampuni hiyo tangu 2016. Klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa matangazo ya kamari kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Ni hatua. Lakini jezi za zamani bado ziko sokoni kwetu, na nimewaona watoto wa madrasa wamezivaa na kuingia nazo msikitini, jina la kamari likiwa mbele ya aliyeswali. Mzazi ndiye anayenunua jezi. Soma kifuani kabla ya kulipa.

Sasa turudi kwa yale tunayosahau kusema. Siku 11 tu baada ya lile goli la Huddersfield, Berahino alivaa jezi ya Burundi kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa hakuwahi kuichezea timu ya wakubwa ya Uingereza, mlango wa kwao ulibaki wazi, na FIFA ikamruhusu. Mechi ilikuwa Libreville dhidi ya Gabon. Alifunga, ikaisha 1-1. Tarehe 23 Machi 2019 Gabon wakaja hapa Bujumbura, katika uwanja wa Prince Louis Rwagasore ambao baadaye mwaka huo ulipewa jina la Intwari. Tulihitaji sare tu. Ikaisha 1-1 tena. Burundi ikaenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, bila kufungwa hata mechi moja katika kundi lenye Mali, Gabon na Sudan Kusini.

Mlikuwa wapi jioni ile? Mimi nilikuwa barabarani, na sikuweza kusogea. Nimeishi katika mji huu miaka ambayo watu wakikimbia barabarani ulijua kuna maiti. Siku ile walikimbia kwa furaha, watu wa mitaa yote, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anatoka upande gani. Wazee walikuwa wanalia. Katika jezi zile alikuwepo mtoto ambaye vita vilimfanya yatima na kumtupa mbali, akiwa amerudi kwa hiari yake kuchezea nchi iliyomzika baba yake. Juni akaenda Misri akiwa nahodha. Tulifungwa mechi zote tatu, 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, 2-0 na Guinea, bila sisi kupata goli hata moja. Mwaka ule hakuna aliyecheka. Tulijua wametufikisha mahali ambapo hatukuwahi kufika.

Basi kwa nini kicheko kimerudi? Nadhani ni kwa sababu ya yaliyofuata. Alikwenda Ubelgiji, Zulte Waregem, kisha Charleroi kwa mkopo. Mwaka 2021 akarudi Uingereza, Sheffield Wednesday, iliyokuwa daraja la tatu, na Machi 2022 akafunga magoli matatu katika mechi moja dhidi ya Cambridge United, wakashinda 6-0. Mwaka huohuo akaenda Cyprus, AEL Limassol. Mtu akiitazama orodha hiyo anasema, "Ameporomoka." Na mimi nilisema hivyo.

Lakini tazameni vizuri wanavyoishi wachezaji wa kulipwa walio wengi. Wanaobaki klabu moja kubwa miaka kumi ni wachache mno. Waliobaki wanafanya kazi kama vibarua wa ustadi: mwaka hapa, miaka miwili pale, mkataba ukiisha unafunga begi, mke anafunga vyombo, watoto wanahama shule na kuanza lugha mpya. Wapo majirani zetu wanaofanya biashara Uvira, Kigoma na Dubai kwa mtindo huohuo, leo soko hili, kesho lile, na tunawaita wachapakazi. Mshambuliaji anayekubali daraja la tatu akiwa na miaka 28, baada ya kuwa amekaa benchi la timu ya taifa ya Uingereza, anaamka asubuhi kwenda kazini. Mimi simuoni mtu aliyeshindwa hapo.

Mtu ataniambia, "Ndugu, huyo alilipwa fedha ambayo ukoo wako wote hautaiona. Unamhurumia nini?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba yeye hanisikii. Kicheko cha Buyenzi hakimfikii. Kinaishia kwa mtoto aliyekaa kwenye mkeka, naye anajifunza kwamba katika nyumba hii mtu anapendwa anapofunga na anakuwa kichekesho anapokosa. Halafu tunashangaa anaficha matokeo ya mtihani.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Mtoto akiona kwamba njia ya heshima ni moja tu, ya kuwa nyota, na nyingine zote ni aibu, atakuwa tayari kupita popote ili aifikie. Familia moja ninayoifahamu ilimpa mtu aliyejiita wakala faranga walizokusanya kwa kuuza kiwanja, ili kijana wao wa miaka 16 apelekwe majaribio nje ya nchi. Mtu yule hakuonekana tena. Sitataja majina, waliopoteza wamekwisha kuumia. Ila wazazi wajue mambo haya. Kanuni za FIFA zinazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa, kama wazazi wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira. Berahino alikwenda kwa mama yake. Hakupelekwa na wakala. Tangu Oktoba 2023 mawakala wanatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yanaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya shirika hilo. Mwambie akuonyeshe jina lake. Akianza kuzungumza sana, mpe chai, kisha mfungulie mlango atoke.

Na shule. Wapo wazazi wanaonijia wakisema mtoto amegoma kusoma kwa sababu Berahino hakuwa daktari. Mimi nawajibu kwa orodha ileile ya klabu: Birmingham, Stoke, Ubelgiji, Sheffield, Cyprus. Mtu anayehama hivyo anahitaji Kiingereza na Kifaransa cha kusomea mkataba wake mwenyewe, na hesabu ya kujua kodi imechukua kiasi gani. Goti likivunjika akiwa na miaka 23, anahitaji kitu kingine mkononi. Sijamkataza mpwa wangu kucheza. Nimemwambia vitabu vinakwenda ndani ya begi moja na viatu.

Wiki ile nilimwita tukakaa wawili uani. Sikumgombeza, mama yake alikuwa ameshafanya kazi hiyo. Nilimwambia kwamba siku ile nilicheka na kwamba nilikosea. Alinyamaza sana. Halafu akaniuliza kama ni kweli Berahino alikosa penalti mbili katika mechi moja. Nikasema ni kweli, nikamwambia na ya Libreville. Akauliza zilipita siku ngapi kati ya goli la Huddersfield na lile la Gabon. Nikamwambia 11.

Jumanne alirudi mazoezini. Jumamosi iliyofuata walicheza na watoto wa Bwiza. Alipoingia nyumbani, viatu vikiwa na vumbi, dada yangu akamuuliza vipi mwanangu. Akasema, "Wametufunga nne kwa moja, mama, na mimi nimekosa moja ya wazi kabisa." Kisha akaenda kutawadha, maana Magharibi ilikuwa imekaribia.

Wabillahi tawfiq.